Majibu ya dogo yamesema PYGM, bi mkubwa kasikia "jini". Naombeni msaada kabla hajaenda JKT

Mtoto wa Shimo la Mungu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Mimi ni mtu wa Newala ila kwa sasa nipo Mtwara mjini natafuta maisha. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, nimechanganyikiwa na sina wa kumuuliza.

Nina mdogo wangu kamaliza form six, jina limetoka kwenye orodha ya JKT, bi mkubwa kashanunua kila kitu, ile bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, raba, soksi, vyote viko kwenye begi vinasubiri siku. Sasa huyu dogo tangu yuko darasa la kwanza hawezi kukimbia. Sio pumu, pumzi anayo. Ni misuli. Mchakamchaka wa asubuhi wanatoka getini wanaimba, hata hawajafika kwenye mwembe wa kwanza mapaja yake yanakaza, ukimshika unahisi kabisa umeshika gogo, anakaa chini analia, walimu wanasema mvivu, anachapwa. Kachapwa kwa hilo mpaka akazoea. Akiwa form two akapewa adhabu ya kuruka kichurachura kuzunguka bwalo, usiku ule akakojoa mkojo mweusi, sisemi mwekundu, mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Tukampeleka sehemu fulani (sitaitaja) wakasema kichocho, akanywa dozi. Mwaka uliofuata akapandisha magunia ya korosho kwenye kenta, mkojo uleule, wakasema kichocho tena, dozi tena. Mara ya tatu wakasema malaria kali wakamtundikia dripu. Yani dozi mbili za kichocho kwa mtoto ambaye hajawahi kuoga mtoni maisha yake yote, sisi tunakaa juu huku, maji yenyewe tunanunua kwa ndoo.

Mwaka huu alikuwa Dar kwa mjomba, akakutana na daktari mmoja makini kweli, huyo ndio wa kwanza kumuuliza "ukitembea taratibu inakuwaje". Akampima kitu kinaitwa CK kwenye damu, ikasoma 4,300 na dogo siku hiyo hana maumivu yoyote, kaja na daladala. Damu ikapelekwa India, majibu yamerudi wiki iliyopita: jeni ya PYGM, nakala zote mbili zina hitilafu, ugonjwa wa McArdle. Daktari kaeleza vizuri tu ila dogo kashika nusu, mimi kwenye simu nimeshika robo, na miadi ijayo ni mpaka miezi miwili.

Kichekesho ni kwamba nilimpigia mama nikamwambia tatizo la mtoto lipo kwenye jeni. Akanyamaza. Akasema "mimi nilijua siku nyingi, ila nyie wasomi mlikuwa hamtaki kusikia." Kumbe kasikia JINI. Mpaka ninapoandika hapa fundi kashapatikana na kuku mweusi kashafungwa kamba uani.

Kwahiyo maswali yangu: hii PYGM ni kitu gani, inatibika, JKT atarudi mzima, na mimi ndugu yake ninayo?

Chuma Nachingwea

Dogo legelege tu huyo mmemlea na uji. JKT ndio dawa, wiki tatu watamnyoosha. Kabla hajaenda mpe kriatini na mayai sita asubuhi, apige pushapu mpaka alie. Misuli haitaki kubembelezwa.

Kibanguzi

Mkuu wa mada pole sana, na dogo mpe pole yangu. Hapo juu usisikilize hata neno moja, hizo pushapu ndio zitampeleka kwenye mashine ya kusafisha figo.

Mimi nimesoma baiokemia chuo, sasa hivi nauza chaja na kava za simu Lindi stendi (ajira si mnazijua) lakini hii kitu niliifanyia semina mwaka wa tatu, bado ipo kichwani.

Kwanza jina. PYGM sio ugonjwa, ni jina la jeni, na kila mtu anayo, mimi ninayo, Chuma anayo, fundi wa bi mkubwa anayo. Ipo kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja cha misuli kinaitwa fosforilesi, ni protini ya asidi amino 842. Hiyo M ya mwisho ni ya misuli, bahati nzuri imeangukia hata kwa Kiswahili. Ina ndugu zake wawili, PYGL ya ini iko kromosomu ya 14 na PYGB ya ubongo iko kromosomu ya 20. Huyo wa ini mkumbuke, tutamhitaji.

Sasa wewe ni mtu wa Newala nikueleze kwa korosho. Ukila ugali wa muhogo, ming'oko, chochote cha wanga, sukari inaingia kwenye damu, misuli inachukua fungu lake inaliunganisha inakuwa minyororo mirefu yenye matawi, hiyo ndio glaikojeni, inaiweka stoo ndani ya msuli wenyewe. Hiyo ni korosho ghafi. Ina thamani ndio, ila hebu jaribu kuitafuna na ganda lake uone midomo itakavyochubuka. Lazima awepo mbanguaji. Fosforilesi ndio mbanguaji: anakaa kwenye ncha ya mnyororo anatoa sukari moja, anatoa nyingine, moja moja hivyohivyo mpaka akikaribia tawi zimebaki nne, hapo anaacha kuna kimeng'enya kingine kinakuja kushughulikia matawi. Ukikurupuka kukimbilia gari, ukinyanyua gunia, ukiruka kichura, zile dakika za mwanzo msuli unategemea sana hiyo stoo ya ndani kwa sababu ndio ya karibu na ya haraka.

Kwa dogo stoo imejaa, tena imejaa kuliko yako na yangu, ila mbanguaji hayupo. Ana njaa na amekaa juu ya magunia. Nguvu inakata, msuli unakwama umekaza hautaki kuachia, na akilazimisha, nyuzi za msuli zinapasuka, vilivyomo ndani vinamwagika kwenye damu. Ile CK ya 4,300 ndio hiyo mimwagiko, mtu wa kawaida hana hata mia mbili tatu.

Historia fupi. Jina McArdle ni la daktari Mwingereza, Brian McArdle, wa hospitali ya Guy's kule London. 1951 aliandika kuhusu mgonjwa wa miaka 30 ambaye kila akitumia misuli inauma na kukakamaa. Akamfunga mkono damu isipite halafu akamwambia fanya kazi kwa huo mkono. Kwa mtu mwingine yeyote asidi ya laktiki ingepanda kwenye damu, kwa yule haikupanda. McArdle akasema huyu glaikojeni yake haivunjwi. Kakisia sawasawa, ila kinachokosekana hakukijua, kimeng'enya chenyewe kikatajwa 1959, na hitilafu kwenye jeni zikaonekana 1993. Miaka 42 kutoka kwenye mkono wa yule jamaa mpaka kwenye jeni, kwahiyo usilaumu sana waliosema kichocho, japo na mimi ningelaumu.

(Fosforilesi yenyewe ilishajulikana kabla, ndio waliyoifanyia kazi Carl na Gerty Cori, mume na mke, wakapata Nobel 1947. Yani dunia ilimjua mbanguaji kabla haijajua kuna watu hawana.)

Tiba ya kuondoa tatizo lenyewe haipo. Kuishi nao inawezekana kabisa, watu wanazeeka nao. Ni ugonjwa adimu, Marekani walikadiria kama mtu mmoja kwenye watu laki moja.

Mtoto wa Shimo la Mungu

Kibanguzi Mungu akubariki, nimeusoma ujumbe wako mara tatu na nimempigia dogo nimemsomea. Kwenye "amekaa juu ya magunia" akacheka kweli.

Sasa kuna kitu sikukisema mwanzo na ndicho kilichotuharibia. Huyu huyu anayeanguka kwenye mchakamchaka, akitembea taratibu anafika mbali. Mwanzo anasumbuka, anasimama, anashika magoti, halafu ikipita muda kidogo anaenda utadhani sio yeye. Likizo moja alitembea na wenzake kijiji hadi kijiji, masaa mawili na zaidi, akarudi anapiga story. Mwalimu mmoja akapata habari. Jumatatu akamwita mbele ya mstari, "kumbe kutembea kutwa unaweza, kukimbia dakika tano ndio huwezi", akamalizia fimbo. Na kusema kweli hata mimi siku ile nilimwona dogo ni msanii.

Kibanguzi

Mkuu umenisisimua. Hicho ulichokieleza ndio alama ya ugonjwa wenyewe! Kinaitwa upepo wa pili. Na huyo daktari wa Dar alivyouliza "ukitembea taratibu inakuwaje" alikuwa anakitafuta hicho.

Ni hivi. Stoo ya ndani haifunguki, sawa. Lakini nje kuna misaada miwili. Ini lina glaikojeni yake na mbanguaji wake mzima, yule PYGL niliyekwambia umkumbuke, analeta sukari kupitia damu. Halafu kuna mafuta ya mwilini. Shida ni kwamba haya yote yanakuja kwa lori kutoka mbali, yanachukua dakika kama sita mpaka kumi kufika kwa wingi. Kabla lori halijafika miguu mizito, moyo unadunda kama ngoma ya jando. Likifika, mapigo ya moyo yanashuka mtu akiwa bado anatembea mwendo uleule, maumivu yanaachia, anaenda. Sasa mchakamchaka unaanza na mbio kabla lori halijatoka hata ghalani, na adhabu zetu zote, kichura, pushapu, kushika ukuta, ni za kukaza msuli ghafla.

Kwahiyo ushahidi waliomchapia ndio ulikuwa ushahidi wa kumtetea. Inauma.

La kufanya: aanze kila kazi taratibu sana dakika kumi, maumivu yakianza asimame dakika moja mbili, yakiachia aendelee. Asilazimishe kupita kwenye maumivu. Na asikae tu kwa woga, kutembea mara kwa mara kunasaidia kwa sababu mwili unazoea kuleta msaada haraka. Kuna utafiti uliofanyika Ulaya, sukari ya kawaida gramu 37, vijiko vya chai kama tisa hivi, ikinywewa dakika tano kabla ya mazoezi inapunguza ile taabu ya mwanzo, maana inaingia kwenye damu moja kwa moja haipiti stoo. Lakini ni kwa kazi inayojulikana inakuja, sio kila akisimama anakunywa soda, ataota kitambi na meno yataisha. Aongee na daktari kwanza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naunga mkono Kibanguzi, naongeza la wodini. Kaka wa mada, mkojo mweusi baada ya kazi nzito ni dharura. Sio wa kusubiri kesho, sio wa kunywea dafu ukaona. Ile rangi ni mayoglobini, protini ya msuli, ikizidi inaziba figo. Akiona mkojo huo ni hospitali usiku huohuo, maji mengi, wapime CK na figo.

Sasa nikwambieni kwanini watu wanasema kichocho, na mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini ningesema hivyohivyo. Huku kwetu kusini kichocho kipo, mtoto akileta mkojo wenye rangi mkono unaenda wenyewe kwenye dozi. Unachovya kijiti, kinasoma "damu". Basi, imekwisha. Lakini kile kijiti hakijui tofauti ya damu na mayoglobini, vyote kinaviitia damu. Mkojo huohuo ukiwekwa kwenye hadubini ndio ukweli unaonekana: kichocho utakuta chembe nyekundu na ukibahatika mayai yenyewe yenye mwiba wake, na mgonjwa mara nyingi atakwambia damu inatoka mwishoni mwishoni mwa kukojoa. Kijiti kinasema damu na hadubini haioni chembe nyekundu hata moja, hapo jiulize kuhusu msuli. Muulize mtoto jana alifanya nini. Swali halina gharama.

Mengine: akifanyiwa upasuaji wowote lazima amwambie mtu wa dawa za usingizi kabla, na ile kufunga mpira wa kubana kiungo muda mrefu waiepuke. Uzeeni huko akiandikiwa dawa za kushusha kolesteroli aseme ana nini, zinagusa misuli. Na lile jaribio la McArdle la kufunga mkono mtu asilijaribu nyumbani jamani, naijua mitandao. Siku hizi linafanyika bila kufunga kwa sababu lile la zamani liliwahi kuumiza watu misuli.

JKT: usimfiche. Namjua mzazi aliyesema "nenda tu usiseme, utazoea". Barua ya daktari na majibu, vipelekwe kabla ya siku ya kuripoti.

Chuma Nachingwea

Sawa sawa nimenyooshwa mimi badala ya dogo 😂 nilikuwa sijui. Ila naulizia serious sasa, kriatini si nguvu ya msuli? Na vitamini B6? Gym kwetu wanasema B6 ndio inafungua glaikojeni.

Kibanguzi

Swali zuri aisee. Kriatini imejaribiwa kwa wagonjwa hawa, dozi ndogo ilisaidia kidogo baadhi yao, dozi kubwa ikawazidishia maumivu. Kwahiyo sio kitu cha kuchota na kijiko dukani.

B6 jamaa zako wa gym wameshika nusu. Fosforilesi haifanyi kazi bila B6, imeishikilia katikati yake, na sehemu kubwa ya B6 ya mwili wa binadamu ipo humo humo kwenye misuli. Lakini B6 ni kisu cha mbanguaji. Mbanguaji hayupo, kisu unampa nani?

Mtoto wa Shimo la Mungu

Nimebaki na la urithi. Sisi kwetu ukoo unafuata mama, mjomba ndio mwenye sauti. Sasa baba kaniambia "hayo ya ukoo wa mama yenu, kwetu hakuna mgonjwa", mama kasema "kwetu ndio kabisa hakuna". Wameshaanza kununiana. Halafu baba na mama ni mabinamu, mama ni mtoto wa mjomba wake baba, ndoa ya kupangwa na wazee.

Kibanguzi

Hapo umemaliza kila kitu mwenyewe. Jeni haijui ukoo unafuata wapi. Kila mtu ana nakala mbili za PYGM, moja kapewa na baba moja na mama. Ukiwa na moja mbovu na moja nzima kawaida hujisikii chochote, mbanguaji mmoja anatosha. Kuumwa ni mpaka zote mbili. Kwahiyo baba analo fungu lake na mama analo, na wote wazima, ndio maana kila upande unaapa kwao hakuna. Na mabinamu wana babu na bibi wamoja, ni rahisi nakala ileile mbovu ya mzee mmoja wa zamani ishuke njia mbili ikutane kwa mtoto. Isije ikasemwa binamu ni laana, watu wameoana hivyo miaka na miaka watoto wao wazima, ila kwa magonjwa ya namna hii nafasi inaongezeka.

Kila mtoto wa wazazi hawa: robo ataumwa, nusu atabeba bila kuumwa, robo hana kabisa. Wewe kama unakimbia vizuri huumwi, kubeba unaweza kuwa unabeba. Hitilafu zenyewe ni nyingi, zaidi ya 150 zimeshaorodheshwa, wazungu wa Ulaya na Marekani wana yao iliyoenea, Wajapani wana yao.

Mko wangapi nyumbani?

Mtoto wa Shimo la Mungu

Watano.

Ngoja kwanza. Ngoja nimpigie mtu.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Nimefuatilia uzi huu kimya toka jana. Nilifundisha shule za msingi miaka 31, karibu nusu nikiwa mwalimu wa zamu wa mchakamchaka na michezo. Nilikuwa na mtoto wa kike, sitataja shule wala mwaka, anatoka mbali kuja shuleni, anatembea kila siku, na hachelewi. Mbio zikianza anakaa chini. Nikamwambia mbele ya wenzake miguu ya kuja shule unayo ya kukimbia huna. Nilikuwa na fimbo ya mkorosho, nyepesi, naikumbuka mpaka leo ilivyokuwa imepinda.

Sijui yule mtoto alikuwa na nini, pengine hakuwa na hiki. Nimeuliza uzi huu unifahamishe tu: mwalimu wa kawaida angejuaje?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Mshike paja pale pale alipokaa. Anayejifanya paja lake ni laini.

Mtoto wa Shimo la Mungu

MREJESHO wakuu, siku kumi zimepita.

Nilipanda Newala mwenyewe Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikamchukua dogo, tukaenda barabara ile ya tambarare, mimi na simu mkononi nahesabu dakika, vidole vyangu shingoni kwake. Kabla hatujaanza, amekaa, 76. Tukaanza kutembea mwendo wa kwenda sokoni tu. Dakika ya tatu kanyamaza. Dakika ya sita nikahesabu 148, jasho limemtoka juu ya mdomo, ananiambia mapaja yanaanza. Nikamwambia simama. Tukasimama dakika moja, akanyoosha, tukaendelea polepole. Dakika ya kumi na mbili nikahesabu tena nikadhani nimekosea, nikarudia: 118. Mwendo uleule. Akaniangalia akasema "si nilikuwa nawaambia." Sikuwa na la kujibu, nikamnunulia karanga.

Tulitembea saa nzima na robo. Mkojo wake wa jioni nimeuangalia kwenye kopo kama mwendawazimu, mweupe safi.

JKT: nimepeleka barua ya daktari na nakala ya majibu wilayani, wamepokea, wamegonga muhuri, tunasubiri. Yule aliyepokea alikuwa mstaarabu, ila kwenye tangazo wanaotajwa ni wenye ulemavu wa kuonekana, hao wanapelekwa Ruvu kwenye miundombinu yao, na dogo ukimwangalia ni kijana mrefu mweusi ana afya kuliko mimi. Yule afisa akauliza "mgonjwa yuko wapi?" na dogo kasimama mbele yake. Nikamwonyesha karatasi.

Bi mkubwa tumemuweka chini na korosho halisi, magunia na kisu, kama alivyoeleza Kibanguzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kakubali kila kitu isipokuwa kwamba na yeye kachangia. Kuku bado yupo uani, tumemwambia tutamla tu wenyewe, anasema subiri kwanza.

Sasa la mwisho, ndio maana nilikata siku ile. Tuna dada yetu mkubwa, kaolewa Mahuta. Utotoni kabla ya maji ya kununua walikuwa wanateremka bondeni kuchota, ule mlima wenyewe mnaoujua mnaujua, wanapanda na ndoo kichwani. Yeye siku zote anafika wa mwisho. Bibi alikuwa anamwita Konokono, na jina likabaki, mpaka harusini MC alimwita hivyo watu wakacheka. Hajawahi kulalamika, alikuwa anaweka ndoo chini kila baada ya hatua kadhaa, anakaa, anajifanya anafunga kanga. Nilimpigia nikamuuliza, dada, ulipokuwa unapanda na ndoo, mwanzo wa mlima na juu karibu na kufika, wapi palikuwa pagumu?

Akasema mwanzo. "Juu nilikuwa naweza kuimba."

Nikamuuliza kuhusu mkojo. Kimya. Akasema baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, siku mbili za uchungu, ulitoka mweusi, wakunga wakasema ni uchafu wa uzazi.

Kwa sasa ana mimba ya miezi mitano. Nesi kama bado upo hapa nakuomba PM.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nipo. Fungua PM. Na mwambie asibebe ndoo.